Kosoa Jumanne, Piga Vizuri Jumamosi

Jumamosi umepiga harusi. Jumapili umelala. Jumatatu umehamisha picha mia nane kwenye kompyuta hadi macho yakauma. Leo ni Jumanne. Kabla hujaanza kuhariri, chagua picha kumi, njoo Kondele hapa Kisumu, mtafute mwenzako wa kazi hii, mkae mezani. Saa moja inatosha.

Nakusisitizia hili kwa sababu harusi haina mazoezi. Mama wa msichana hapokei ayie, zawadi ya kuomba ridhaa yake, mara mbili ili wewe ubadilishe lenzi. Pete haivuliwi ivishwe tena kwa kuwa flashi yako haikuwaka. Kwaya hufanya mazoezi wiki nzima kabla ya kuimba. Sisi mazoezi yetu ni kukaa na picha za wiki iliyopita na kuambiana ukweli.

Ukweli huo una umbo lake. "Picha kali sana" ni sifa. "Hii umeharibu" ni lawama. Ukosoaji husema nini kimetokea, kiko wapi kwenye picha, na Jumamosi ijayo ufanye nini. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Ukiliacha, umemwachia mwenzako maumivu matupu.

Lete picha zinazokusumbua

Usilete kumi bora. Hizo tayari unazijua. Lete mbili unazozipenda, mbili ulizoharibu, na sita zinazokutatiza: unahisi kuna kitu hakijakaa sawa lakini hukioni. Hapo ndipo jicho la mwenzako lina thamani.

Kila picha ije na majirani zake. Lete tatu zilizoitangulia na tatu zilizoifuata. Zitaonyesha kama ulisogea, ulipiga magoti, au ulisimama palepale ukibonyeza tu. Mara nyingi picha uliyokuwa ukiitafuta imo humo, na uliipita haraka kwa sababu bwana harusi alikuwa anacheka mdomo wazi.

Zije kabla ya kuhaririwa. Filta hufunika kosa kama rangi inavyofunika ukuta wenye ufa. Tunataka kuuona ufa.

Kama hamwezi kukutana, usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Programu hiyo huibana picha na kuipunguzia ubora, kisha mwenzako atakwambia fokasi yako ni mbaya kumbe ni njia uliyotumia. Itume kama hati. Inachukua sekunde chache zaidi.

Ukiweza, chapisha moja. Tafuta studio ya karibu inayochapisha picha za pasipoti, itakuchapishia. Karatasi haina taa nyuma yake kama skrini. Suti nyeusi iliyoonekana safi kwenye simu hugeuka shimo kwenye karatasi, na maharusi wengi watakachotundika ukutani ni karatasi.

Kisha njoo na swali. "Mnaonaje?" haizai kitu, utajibiwa "iko sawa" na mtaendelea kunywa chai. Uliza hivi: "Nilitaka uso wa mama uonekane kwanza. Jicho lako limeenda wapi?" Au: "Nilisimama kulia kwa sababu ya dirisha. Wewe ungesimama wapi?" Swali lenye makali huleta jibu lenye makali.

Omba ruhusa ya wenyewe

Picha hizo kumi zina nyuso za watu. Kumwonyesha mwenzako mmoja mezani ni jambo moja. Kuziweka kwenye kundi la mtandaoni la watu mia mbili ni jambo jingine. Waulize maharusi kwanza, na jibu lao liwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na inafanya kazi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza sehemu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwenye harusi watoto ni wengi: wabeba pete, watupa maua, binamu wanaokimbia chini ya meza. Picha za watoto ziache nje ya kundi.

Na jua jambo hili ambalo wapiga picha wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, mtu akikuagiza kazi akakulipa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo weka mstari mmoja kwenye mkataba wako: naweza kutumia picha hizi kujifunza na kuonyesha kazi yangu, ndiyo au hapana. Waache maharusi watie alama wenyewe. Wakikwambia hapana, ni hapana.

Unapokosoa wewe

Nyamaza kwanza. Itazame picha kwa sekunde kumi bila kusema neno. Kisha sema jicho lako lilitua wapi, likaenda wapi, likakwama wapi. Hiyo peke yake ni zawadi kubwa, kwa sababu mpigaji mwenyewe hawezi tena kuiona picha yake kwa mara ya kwanza.

Uliza picha ni ya nani. Hapa tusiharakishe, kwa sababu ndipo wakosoaji wengi huteleza. Picha ya sherehe ya ayie haitazamwi kama picha ya gazeti la mitindo. Neno lenyewe kwa Kijaluo maana yake ni "nimekubali", na kile anachopewa mama wa msichana ndicho kinachofungua njia ya mengine yote. Familia itaitazama picha ile kama ushahidi: nani alitoa, nani alipokea, nani alikuwepo. Wewe unaweza kuona mikono tu na bahasha kwenye sebule yenye giza. Wao wanaona siku mama yao alipokubali.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kijana mmoja aliniletea picha ya pamoja, nikamwambia bila kusita: "Kata huyu mzee wa pembeni, anaharibu mstari." Kijana akaniangalia. Yule mzee alikuwa ndugu mkubwa wa baba wa bibi harusi, aliyesema kwa niaba ya ukoo mzima siku hiyo. Picha ilihitaji kusogezwa upande wake, si kumkata. Tangu hapo sianzi na pembe wala mistari. Naanza na "huyu ni nani?"

Sema juu ya picha, si juu ya mtu. "Uso umeingia kwenye kivuli" linamfikia. "Hujui mwanga" linamfungia mlango. Tofauti ni maneno machache, lakini ndiyo inayoamua kama Jumanne ijayo atarudi.

Weka kidole. Usiseme "kuna fujo nyuma". Gusa skrini: "Nguzo hii ya tenti inamtoka bwana harusi kichwani." Akishaonyeshwa mahali, hatasahau. Kesho ataiona nguzo kabla hujamwambia.

Jambo moja kubwa kwa kila picha. Ukimtajia saba, hatakumbuka hata moja. Chagua lile ambalo likirekebishwa, mengine yatafuata.

Halafu mwambie kosa hilo linatibiwa wapi. Mengine hutibiwa kwenye kompyuta: picha imeinama kidogo, rangi imeelekea njano. Mengine hutibiwa palepale: sogea hatua mbili, piga magoti, waambie wageuke. Mengine hutibiwa kabla ya siku yenyewe: kwenda kuangalia kanisa Ijumaa, kukubaliana na MC kwamba mtapewa dakika 20 kabla ya keki. Usimpe mtu kazi ya saa tatu kwenye kompyuta kwa kosa ambalo hatua mbili zingeliponya.

Mwili wa bibi harusi haukosolewi. Wala gauni lake, wala rangi ya mapambo, wala keki. Hayo aliyachagua yeye na kamati yake. Kazi yetu ni mwanga, mahali pa kusimama, na wakati wa kubonyeza.

Na ukiwa mdogo unamkosoa aliyekutangulia, usiseme mbele za watu. Msubiri mkiwa wawili, kisha uliza badala ya kutamka: "Mzee, kama tungesimama upande wa dirisha, uso wake ungekuwaje?" Ataelewa. Nimekuwa upande wa kuuliza na sasa niko upande wa kuulizwa, na nakuhakikishia swali la namna hiyo linasikika vizuri kuliko hotuba.

Makosa tunayokutana nayo sana huku

Anza na tenti. Ukikosoa picha za sherehe za nyumbani kutoka Seme hadi Nyando, utaliona kosa hili kila wiki. Kitambaa cha juu ni zambarau, au kijani, au buluu. Jua linapita ndani yake na kuwapaka watu wote rangi hiyo. Ngozi inageuka ya ajabu na gauni jeupe linaonekana limefuliwa na nguo za rangi. Kompyuta inasaidia kidogo tu, kwa sababu uso upande mmoja una rangi ya tenti na upande wa pili una mwanga wa nje. Dawa ni miguu. Wasogeze watu ukingoni mwa tenti, wageuze nyuso zao nje, uwe wewe nje ukiangalia ndani. Kama shughuli haisogezeki, tumia flashi kutoka mbele ili mwanga mweupe uishinde rangi ya kitambaa. Na ukiombwa ushauri kabla ya siku, waambie kamati wachague kitambaa cheupe juu na rangi zao waziweke pembeni.

La pili ni ngozi yetu na gauni jeupe. Kamera haijui inapiga nini. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Gauni likijaa kwenye fremu, kamera huona weupe mwingi na kuutia giza. Uso wa bibi harusi unazama. Ukimsogelea bwana harusi mwenye suti nyeusi, hufanya kinyume na kuchoma kila kitu. Kwa hiyo usimwambie mwenzako "picha ni giza". Mwambie: "Pima mwanga kwenye shavu, si kwenye gauni. Kisha angalia kama nakshi za gauni bado zipo." Piga mbichi, yaani RAW, upate nafasi ya kurekebisha.

Suala hili la kamera na ngozi yetu lina historia yake. Kwa miongo mingi Kodak ilituma kwenye maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ya ngozi iliyohesabiwa kuwa sahihi ilikuwa yake. Watu weusi walitoka kwenye picha wakiwa macho na meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kazi ya kuangalia kama uso wa dada yetu una uhai bado ni yako. Na ukimaliza kuuangaza, usiufanye mweupe. Programu za kulainisha ngozi hupenda kuichubua vilevile. Ukiona picha ambayo bibi harusi ana rangi moja usoni na nyingine mikononi, sema bila kuzunguka. Mama yake atamtafuta binti yake kwenye albamu hiyo.

Tatu, saa. Hapa Kisumu jua hufika utosini takriban kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Sasa fikiria ibada nyingi za Jumamosi huisha saa ngapi. Ndiyo, wakati huohuo. Watu wanatoka kanisani, wanapangwa kwenye ngazi, na kila jicho lina shimo jeusi chini ya nyusi. Mkosoaji asiyejua atasema "tumia flashi". Anayejua atauliza: "Kivuli cha jengo kilikuwa upande gani?" Kipo karibu kila mara, chini ya mwembe au kwenye baraza ya kanisa. Kivuli kipana chenye anga wazi mbele yake kinashinda taa nyingi za kununua.

Kinyume chake ni jioni. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua letu huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro. Linashuka wima, halichelewi. Mwanga ule wa asali unaoutaka kwa picha za wapenzi ufuoni mwa ziwa, Dunga au Hippo Point, hudumu kwa muda mfupi. Ukiondoka ukumbini saa kumi na mbili ukadhani una wakati, foleni itakunyang'anya yote. Kila unapokosoa picha za machweo zilizochelewa, usiulize juu ya kamera. Uliza waliondoka saa ngapi. Saa kumi na moja wawe wameshafika ziwani.

Na wakifika ziwani, kosa ni lilelile la kila wiki: jua nyuma, ziwa linang'aa, maharusi vivuli vyeusi. Kivuli kimoja kwenye albamu ni pambo. Vivuli kumi na viwili ni uvivu. Mwambie awageuze nusu, mwanga uguse upande wa uso, au ashike kibao cheupe cha kurudisha mwanga. Flashi ndogo iliyopunguzwa nguvu inafanya kazi hiyohiyo.

Alasiri upepo hutoka ziwani, na shela itaruka. Wengine wanapigana nayo. Wewe mweke bibi harusi aangalie upepo unakotoka, shela iende nyuma yake, na usubiri. Magugu maji nayo huhama kwa upepo; asubuhi maji ni wazi, jioni ufuo ni kijani kitupu. Nenda na mahali pa pili kichwani. Milima ya Riat iko barabara ya Kakamega na inakupa mji mzima na ziwa chini yake. Kit Mikayi kule Seme, kando ya barabara ya Bondo, inakupa miamba mirefu na jina linalomaanisha jiwe la mke wa kwanza. Ila pale watu huenda kusali. Picha nzuri yenye waumini nyuma waliopigwa bila kuulizwa ina kosa, hata kama mwanga umekaa vizuri, na ni haki yako kulitaja.

Mengine ni mafupi. Picha ya ukoo yenye safu tatu haipigwi kwa f/1.8, safu ya nyuma itakuwa ukungu. Nenda f/5.6 au f/8. Watu wakiingia wanacheza, spidi ya shata isishuke chini ya 1/250, na usiogope kupandisha ISO: chembechembe zinasameheka, uso uliotikisika hausameheki. Mikono isiyojua iende wapi ipewe kazi: ishike koti, ishike shela, ishike mkono mwenzake.

Kuhusu mapozi ya wapenzi, angalia mabega. Mabega yaliyopanda yanakwambia wanaogopa. Wengine hawawezi kubusiana mbele ya bibi yao, na si lazima. Waambie watembee pamoja wakiongea juu ya siku walipokutana, nawe ukae mbali kidogo. Picha utakayopata hapo huwa ndiyo wanayoichagua.

Unapokosolewa wewe

Funga mdomo. Naam, hata kama amekosea. Chukua kalamu uandike anachosema, kwa maneno yake.

Usieleze. "Jua lilikuwa kali, mchungaji alinikataza kusogea, betri ilikuwa inaisha." Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini wewe hutakaa kwenye sebule ya maharusi miaka ishirini ukimweleza kila mgeni anayefungua albamu. Picha inaenda peke yake.

Akimaliza, uliza swali moja: "Ungefanyaje ukiwa mimi, pale pale?" Swali hili linamwondoa mkosoaji kwenye kiti na kumweka uwanjani. Kama ana jibu, umepata somo. Kama hana, basi umejua kosa hilo lilikuwa gumu kweli na si wewe tu.

Lala nalo usiku mmoja. Asubuhi gawa maandishi yako: utakayoyafuata, utakayoyajaribu, utakayoyaacha. Una haki ya kuacha. Kuna mtu hapendi picha nyeusi na nyeupe, na hiyo ni ladha yake. Lakini watu watatu wasiojuana wakikwambia jambo lilelile, lichukue hata kama linauma. Mimi niliambiwa mara tatu kwamba napiga kutoka juu mno na wanawake wafupi wanaonekana kama watoto. Nilinuna karibu mwezi. Nikaanza kupiga magoti. Sasa suruali zangu zote zimechakaa magotini na sijali.

Mteja akikosoa, sikiliza tofauti. Yeye hana maneno ya kazi yetu. Atasema "sijazipenda" na moyo wako utaanguka. Usijibu kwa ujumbe wa sauti saa nne usiku. Mpigie mchana, umwombe akuonyeshe tatu zinazomuuma zaidi. Utagundua kwamba ni mkono uliobanwa na gauni, au kidevu, au jicho moja dogo kuliko jingine. Karibu kila mara unayo picha nyingine ya dakika ileile. Rudi kwenye faili mbichi, mletee.

Lalamiko linaloumiza zaidi huwa ni la mtu anayekosekana. "Shangazi yangu wa Ahero hayupo." Hilo halitibiwi na kompyuta yoyote. Linatibiwa wiki moja kabla, kwa orodha. Waombe maharusi wakuandikie majina ya watu kumi na watano ambao lazima waonekane, na wakupe mtu mmoja wa familia anayewajua wote ili awavute mbele ya kamera. Mara nyingi binamu mwenye sauti kubwa anaifanya kazi hii vizuri kuliko MC.

Kama kweli ulikosa tukio, sema ulikosa. Miaka kadhaa nyuma kadi yangu ilijaa wakati wa kuvishana pete. Nilikuwa na kadi nyingine mfukoni, lakini sekunde zile hazikurudi. Niliwaambia maharusi mwenyewe, kabla hawajauliza, nikawarudishia sehemu ya malipo. Waliumia. Baadaye mdogo wa bibi harusi alinipa kazi ya ayie yake. Ningewadanganya kwamba faili limeharibika, ningekaa na uongo huo kila ninapopita kanisa lile. Sasa nabadilisha kadi kabla ya viapo, hata kama imejaa nusu tu.

Na kuna ukosoaji wa bure ambao wengi wanauacha mezani: ule wa maharusi wenyewe, siku yenyewe. Mombasa, kwenye studio ya N. V. Parekh iliyopiga watu tangu miaka ya 1940, wateja walikuja na mawazo yao juu ya nguo, mkao na nani amshike nani, na picha ikatengenezwa na pande zote mbili. Fanya hivyo ufuoni Dunga. Ukishapiga tano za kwanza, wageuzie skrini ya kamera. Waulize: "Mnajiona hapa?" Bibi harusi atakwambia upande upi wa uso anaoupenda. Bwana harusi atakiri anachukia kutabasamu kwa meno. Umepata kwa nusu dakika kile ambacho ungekisikia kama lalamiko wiki tatu baadaye, na bado jua lipo.

Kutoka mezani hadi kwenye kamera

Mwisho wa kikao cha Jumanne, usiondoke na karatasi iliyojaa. Chagua jambo moja la Jumamosi. Moja tu. Mwenzako naye achague lake, kisha kila mmoja amtajie mwingine kwa sauti ili kuwe na wa kuuliza.

Liandike kwenye kipande cha plasta nyeupe, maneno matatu au manne, ubandike nyuma ya kamera karibu na skrini. "Pima kwenye shavu." "Ukingoni mwa tenti." "Piga magoti." Kalamu iwe ya wino usiofutika, maana mikono itatoka jasho.

Ijumaa jioni chaji betri zote, safisha kadi, mpigie yule binamu umthibitishie jina la shangazi wa Ahero. Jumamosi utakaposhuka kwenye tuktuk getini na kusikia vigelegele, geuza kamera usome plasta, kisha ingia.